Fyuzi Zilikuwa Mapajani Mwangu

Siku ile taa ya duka langu iliwaka wakati fyuzi zote za mtaa nimezipakata mimi.

Soma tena. Zote. Mapajani mwangu.

Naitwa Ufuoma, nauza samaki wa barafu hapa Warri. Mtaani kwetu, fundi akitaka kupanda nguzo anang'oa kwanza fyuzi za transfoma na kumkabidhi mtu anayeaminika. Kuna watu hawana subira, wanaweza kuzirudisha na mwenzao bado yuko juu.

Mtu huyo ni mimi.

Mchana huo alipanda Mudiaga, fundi wetu. Upepo ulikuwa umekata waya, na sisi wa nyumba nne za mwisho hatukuwa na umeme. Yangu mojawapo, ya mama yake pia.

"Shangazi, ukimpa mtu hizo fyuzi nakutokea ndotoni!"

"Panda huko, mdomo kama redio!"

Akapanda anacheka.

Nikiwa nimekaa dukani, taa ikawaka. Hafifu, nyekundu nyekundu. Watoto wakalipuka nje kama kawaida yao: "Umerudiii!"

Nikatazama mapajani. Fyuzi zipo. Umeme huu unatoka wapi?

Nikatoka mbio. "Mudiaga, usishike! Usishike!"

Shangwe za watoto zilimeza sauti yangu. Alikuwa ameshashika.

Alivyoanguka sitaeleza. Hakuamka tena.

"Akpobome!" mtu akapayuka. "Ni jenereta ya Akpobome!"

Sote tulimuwaza yeye. Mzee jeuri mwenye nyumba za kupangisha, anaishi katika zile nyumba nne, na jenereta yake ndiyo kubwa kuliko zote.

Niwaambie kitu. Petroli ilipopanda bei tulihamia jenereta za gesi, mtungi ule ule wa kupikia. Mudiaga ndiye aliyetufungia, kwa waya wa vichwa viwili. Kichwa kimoja kwenye jenereta, kingine kwenye soketi ya ukutani.

Swichi ya kutenganisha nyumba na mtaa? Alisema ni ghali. "Nyie zimeni meni swichi, ile kubwa ya nyumba, kabla ya kuwasha, basi." Ukisahau, umeme wako unatoka ndani unakwenda mpaka kwenye nguzo.

Tukamkuta Akpobome barazani anakula.

"Mimi? Nendeni mkaiguse! Ya baridi hiyo, haijawaka tangu jana!"

Tukaigusa. Baridi kweli.

Ndipo tukausikia mngurumo, nyuma ya nyumba ya Mama Mudiaga.

Akpobome ndiye aliyekimbia, akaingia uani, mngurumo ukakatika.

Mama akatoka, mikono myekundu kwa pilipili.

"Mbona mmenizimia blenda? Namsagia mwanangu pilipili ya supu, akishuka ale."

Akatazama kwenye nguzo, akaona watu wameinama.

Ukelele ule sitausahau. "Nani amewasha? Nani ameniulia mwanangu?"

Akpobome, mtu ambaye hajawahi kumwomba mpangaji samahani, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Ni mimi, Mama. Ni jenereta yangu."

Tukatazamana. Hakuna aliyemsahihisha.

Siku ya maziko jamaa mmoja akaninong'oneza, "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Nusura nimzabe kofi. Na kwake waya wa vichwa viwili upo!

Mpaka leo, kila asubuhi, Mama anasimama mlangoni anamlaani Akpobome, yeye na kizazi chake. Mzee anainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama." Kisha anakwenda zake.

Ndugu zangu, nunueni hiyo swichi. Jenereta ya kwako ikiungana na waya wa mtaa, si ya kwako peke yako tena, na aliye juu ya nguzo ni mtoto wa mtu.

Na mkipita kwetu mkasikia mzee anatukanwa, msimtetee. Mwenyewe hataki.