Baba Mkwe Nje ya Pazia

Mtu akija kwangu na maumivu ya mgongo, kuna maswali matatu lazima nimuulize kabla sijamnyoosha. Mkojo unatoka kama kawaida? Ukikaa, makalio na mapaja kwa ndani yanahisi kiti? Miguu yote ina nguvu? Jibu moja tu likiwa baya, mikono yangu naiweka mfukoni na mgonjwa anawahishwa hospitali siku hiyohiyo, maana mishipa ya fahamu ya chini ya mgongo imebanwa, nayo haisubiri. Nimesomea haya, tiba ya viungo ndiyo kazi yangu. Hata ukiniamsha usingizini nitakutajia. Ndiyo maana mpaka leo sijui nijifiche wapi.

Alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, kutoka vijiji vya upande wa Masoko. Aliteleza mteremkoni na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa chini kwa kishindo. Mume wake yuko Dar, kwa hiyo aliyemleta ni baba mkwe wake. Walikuja kwa bodaboda mbili, kila mtu na ya kwake. Mnyakyusa yeyote anajua kwa nini: mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, akimwona njiani anakwepa. Vijana wa mjini siku hizi wanacheka, lakini vijijini bado. Na mimi si mgeni, jamani! Nimeolewa hukuhuku. Baba mkwe wangu amekufa hajawahi kunisikia nikitamka neno choo.

Siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika, kama kawaida yetu. Chumba changu ni kimoja, nimekigawa kwa pazia la kitenge. Mzee akakaa kwenye benchi upande wa pili pamoja na wagonjwa wengine wanne. Mgahawa uko hatua kumi tu. Ningemwambia, "Baba, kanywe chai kwanza, nitakuita." Sikumwambia. Niliona foleni, nikataka kuimaliza.

Mama akalala kitandani. Nikauliza kwa sauti yangu hii ya kuitia ng'ombe, "Mkojo unatoka vizuri?"

Nje ya pazia mzee akakohoa. Mama akafumba macho. "Ndiyo."

"Huku chini hakuna ganzi?"

"Hakuna."

Nikamwona anajivutia khanga mpaka kidevuni. Badala ya kushtuka, nikamtania. "Mficha uchi hazai, mwanangu, sema!" Watu kwenye benchi wakacheka. Yeye akageukia ukutani. "Hakuna, mama."

Nikauinua mguu wake wa kulia, haukufika mbali, akang'ata khanga. Nikamwambia asukume mkono wangu kwa vidole gumba vya miguu. Cha kushoto kilisukuma, cha kulia kikalegea. Nilihisi kabisa. Nikajiambia ni maumivu tu yanamtia woga, nikaandika "misuli imekaza", nikamlaza ubavu na kumnyoosha kiuno. Kikalia ko! Akapiga ukelele mmoja, nami nikamsifu kwamba amevumilia.

Siku ya tatu alirudishwa amebebwa. Safari hii niliwatoa watu wote nje, mvua ikiwa palepale, nikainama sikioni kwake. Akasema yote. Tangu alipoanguka haja ndogo ilikuwa haitoki, halafu ikaanza kutoka yenyewe, na huko chini hakuhisi chochote. Tukatafuta gari, akapelekwa hospitali, akapasuliwa. Daktari alisema angefikishwa siku ile ya kwanza, huenda angepona kabisa. Huenda! Neno hilo limenikaa kifuani, halishuki wala halitoki.

Miezi ikapita ndipo nikapata ujasiri wa kwenda kwake. Anatembea kwa fimbo, mguu wa kulia unaburuta, na kila siku anajikunjia vipande vya khanga kuukuu kama nepi ya mtoto. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno: kwamba kosa ni langu, kwamba nilijua kwa nini hawezi kusema, na bado nikamuuliza vile. Nilitaka anitukane, walau nipumue.

Sikupata nafasi ya kuyasema. Nilipokaa tu alinishika mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Mama, nisamehe," akasema. "Nilikudanganya siku ile. Mateso haya nimejitakia mwenyewe."

Maneno yangu yote yalikuwa mdomoni, yamepangwa.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema.