Ghorofa Tatu Bila Kusimama

Kwanza nilisikia viatu vyake. Nilikuwa ghorofa ya tatu, kando ya dokta aliyeshika saa, na ngazi za hospitali zilipinda hivi kwamba mtu hakuonekana mpaka afike kona ya mwisho. Kwa hiyo nilimfuata mama kwa masikio: soli za plastiki juu ya saruji, moja, kisha nyingine, bila haraka. Nyuma yake zilikuja hatua nyepesi za muuguzi, aliyekuwa akisoma mapigo ya moyo kwenye kibanio cha kidoleni.

Mama alipona kifua kikuu zamani, lakini kiliacha shimo katika pafu la kushoto, na tangu mvua zianze shimo lile lilitoa damu. Dokta alitaka kukata kile kipande kibovu. Alituambia wazi: mashine ya kupima pumzi hana, ana ngazi. Mama akipanda ghorofa tatu bila kusimama, pafu litakalobaki litambeba. Akisimama, huenda asiamke kwenye meza ya upasuaji.

Tulijiandaa kwa kadiri ya nyumba yetu. Pale mtaani Majengo tunakaa katika nyumba ya mbao, chini kabisa, juu ya mawe ya volkano. Ngazi tulizokuwa nazo ni vidato viwili vya mlango wa jikoni. Wiki mbili mama alivipanda na kuvishuka, akihesabu kwa Kifaransa kama mtoto wa shule. Jirani alichungulia juu ya ua.

"Mama, hauchoke? Unapanda unaenda wapi?"

"Mbinguni. Lakini narudia sombe kwa jiko, isiungue."

"Ukifika, uniwekee fasi ya kukaa!"

"Yako iko upande wa moto. Hautanunua tena makaa."

Nilicheka nao, ila nilikuwa nimechoka. Nilichoka kusikiliza kifua cha mtu mwingine kutwa nzima. Akikohoa, nilisimama na kijiko mkononi. Akinyamaza, nilisimama vilevile.

Sasa, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, viatu vilinyamaza. Dokta aliangalia saa. Kisha nikasikia sauti ya mama, nyembamba:

"Pole, mama. Pole sana. Ni nani?"

"Ni muzee wangu," mwanamke akajibu huku akilia. "Asubuhi hii."

"Mungu amupokee."

Nilishusha mabega. Nani angempita mfiwa kwenye ngazi amekaza macho mbele? Viatu vikaanza tena. Mama akatokea kwenye kona, uso umepauka kama majivu, kitambaa cha kichwa kimeteleza hadi sikioni, akapanda vidato vya mwisho akishika ukuta.

Ofisini, dokta alipouliza, muuguzi alijibu kabla yetu.

"Ni kilio, dokta. Alisimama kumupa mwenzake pole."

Nami nikadakia: "Kwetu mutu hapiti vile. Muhesabu kama hakusimama."

Dokta alikuwa na kalamu mkononi. Niliona kwamba alitaka kutuamini. Naye alikuwa amechoka kukataa watu. Akamgeukia mama.

"Ni vile, mama?"

Mama alingoja kifua kitulie.

"Nilimuona tangu kona ya chini yake," alisema. "Nilimuona analia, na roho yangu ikafurahi. Nikajua nimepata sababu ya kusimama. Mungu anisamehe. Pumuzi ilikuwa imeisha nikiwa sijamufikia."

"Mama!" nilisema.

"Nyamaza. Ni mimi nitalala kwa ile meza, si wewe."

Nilimkasirikia kwa namna ambayo bado naionea aibu. Neno moja tu, hata kutikisa kichwa tu, na angepewa siku ya kukatwa. Wakati ule sikuona kwamba neno hilohilo lingeweza kumuua.

Dokta alilaza kalamu juu ya faili.

"Basi hatukati, mama. Tutaizuia hiyo damu kwa dawa. Ikizidi, murudi siku ileile, hata kama ni Dimanche, siku ya kanisa."

"Aksanti, dokta. Mulifanya kazi."

Hakulia. Alifunga upya kitambaa chake, polepole, akitafuta ncha kwa vidole, kisha akasimama. Nilitaka kumshika mkono, akanisukuma kwa kiwiko.

"Ubaki, uchukue karatasi ya dawa. Mimi natangulia. Kushuka hakuna mutihani."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukafunga.