Majani ya Barabara ya Nduguti

Ufunguo wa gari nimempa binti yangu na sitauomba tena. Najua nimeanzia mwisho, lakini mimi niliishia darasa la tatu, na huko hatukufika kwenye somo la hadithi inaanzia wapi. Mengine yote nilifundishwa na lori.

Nimeendesha malori tangu kijana. Alizeti, vitunguu, mara nyingine ng'ombe. Nimeshuka mteremko wa Sekenke, ule wa zamani, breki zinanuka kama pembe iliyoungua. Hapa mtaani kwetu Mandewa watoto hawajui jina langu, wananiita Dereva. Hata marehemu mke wangu aliniita hivyo akikasirika. "Dereva, ugali unapoa."

Nieleze kwanza habari ya majani. Lori likiharibika njiani, dereva hukata matawi mabichi akayalaza barabarani, fungu moja, mbele kidogo jingine, tena jingine, mpaka pale gari lilipokwama. Ukiyaona unapunguza mwendo, unajua mwenzako yuko mbele ana shida. Zipo zile pembe tatu nyekundu za kuakisi mwanga, lakini hizo huibiwa. Majani hayaibiwi na mtu. Labda mbuzi.

Mke wangu alikuwa Mnyiramba wa Nduguti. Nilipoacha malori tulibaki na pikapu moja kuukuu, na tulikuwa tunakwenda nayo kwao. Yeye anakaa kushoto, na mdomo haupumziki. "Ng'ombe hao." "Kuna mama ana ndoo, huyo." "Majani, majani hayo." Mimi namkata: "Nyamaza, mwanamke. Dereva nani hapa?"

"Dereva ni wewe. Mimi nasema tu."

Miaka yote hiyo alisema tu, na mimi miaka yote hiyo nilimnyamazisha.

Alipougua aliomba azikwe Nduguti, pembeni ya mama yake. Ndugu zangu wa Ilongero walinuna, wakasema mke huzikwa kwa mume. Nikasema amekaa kwetu vya kutosha, mwacheni arudi. Basi kila mwisho wa mwezi nilikuwa naenda kumzuru. Napalilia kaburi, nakaa, namweleza habari za mtaani, narudi. Safari hiyo ndiyo iliyokuwa inaniamsha asubuhi. Mengine nilikuwa nayafanya kwa mazoea.

Pikapu nayo ikafa. Binti yangu ni muuguzi hapa mjini, na kazi yake imemzoesha kutazama watu. Aliniona namimina chai pembeni ya kikombe. Baada ya muda akaja na gari dogo lililotoka Japani, limetumika lakini linang'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. La nani hilo?"

"Lako. Lina macho, baba. Kamera hii hapa juu ya kioo. Ukitoka nje ya mstari linakuambia, na kitu kikitokea mbele linafunga breki lenyewe."

"Na mimi kazi yangu nini?"

"Kukaa."

Alicheka, mimi sikucheka. Akanionyesha kwenye simu gari la nchi za wenzetu linalokwenda bila mtu, usukani unazunguka wenyewe kama unasukumwa na jini. Nikamuuliza, likikutana na mwenzake linapiga honi ya salamu? Akasema hajui. Nikamuuliza litafika lini Nduguti. Akasema, "Baba, huko hata mstari hakuna."

Gari lile lilikuwa na sauti ya mwanamke, inasema Kijapani. Ukiwasha, anasema. Ukikanyaga mstari, mlio. Na barabara zetu, ukiufuata mstari wakati wote utaingia shimoni, lazima uhame. Nikihama, mlio, na usukani unanivuta kidogo mkononi, kama mtoto anayetaka kurudi nyumbani. Niliweka kanga ya marehemu kwenye kiti cha kushoto, na juu yake dumu la maji ya kumwagilia maua ya kaburini. Gari likalia, linadhani kuna mtu hajafunga mkanda. Nikalifunga mkanda lile dumu. Ndivyo tulivyokuwa tunasafiri.

Nikalipeleka kwa fundi anipunguzie kelele. Vijana wa gereji wakanipokea kwa maneno.

"Mzee, umeoa Mjapani! Anasemaje mama mpya?"

"Sijui. Ananigombeza tu."

"Basi ni mke kweli!"

Nilicheka nao, kisha nikajifanya natafuta kitu kwenye buti. Fundi alizima ule mlio wa mstari. Nikamwambia azime na breki.

"Hiyo siigusi, mzee. Binti yako atanichoma sindano isiyo na dawa."

Kilichonifurahisha ni kwamba gari lile halikujua majani. Siku moja tulipita juu ya matawi lenyewe likiwa kimya, mimi nimeshapunguza. Nikarudi nikamtambia binti: macho linayo, kusoma halijui. Ukweli niuseme leo: basi lililokuwa mbele yangu ndilo lililopunguza kwanza, mimi nikaiga.

Mwezi uliofuata mbele yangu hapakuwa na basi. Ilikuwa asubuhi, jua zuri, nimeshaacha lami na kuingia barabara ya vumbi. Nilikuwa nawaza kama maua yamekauka. Ghafla gari likapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, likajishika lenyewe, mkanda ukanibana kifua. Vumbi likatupita. Lilipotulia, mbele yangu palikuwa na lori, na nyuma ya lori mwanamume amepiga magoti kwenye tairi, ameshika spana. Kutoka kwake mpaka bampa yangu, hatua mbili.

Alisimama taratibu. Akanitazama, akaona mvi zangu, na hasira aliyokuwa nayo akaimeza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Majani hukuyaona?"

"Nimeyaona. Si nimefunga breki?"

"Umefunga vizuri, mzee," akasema, akiitazama bampa yangu.

Nikapokea sifa ya gari. Kisha nikarudi nyuma kwa miguu kuyatafuta majani. Yalikuwepo. Mafungu matatu, mabichi, la mwisho kubwa kama mbuzi aliyelala, limekandamizwa katikati na tairi langu. Nilichuchumaa nikayashika.

Hapo ndipo nilipojua. Mke wangu akiwa hai, ile pikapu haikuwahi kuendeshwa na macho yangu peke yake. Sijui yalianza kufifia lini, kwa sababu kila kilichokuwa mbele nilikuwa naambiwa, na mimi najibu nyamaza. Alijua. Mwanamke yule alijua, na hakuniaibisha hata siku moja. Alisema tu.

Nikampigia binti. Alikuja na bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi, bado amevaa sare ya kazi. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angegombeza. Nikampa ufunguo mkononi. Nikafungua mkanda wa kushoto, nikaweka dumu chini, nikaikunja kanga mapajani, nikakaa pale ambapo angekaa mama yake.

"Turudi nyumbani?" akauliza.

"Twende Nduguti."

Aliendesha polepole, kimya, kama anayempeleka mgonjwa. Kwa mbali mbele yangu kulikuwa na weupe tu, na ndani yake vivuli vinavyotembea. Nikamwambia, "Mwanangu, sema unachokiona."

"Kama nini?"

"Chochote."

Akafikiri kidogo. "Kuna ng'ombe, kushoto. Wanavuka. Kuna mtu kwenye baiskeli, amebeba magunia ya mkaa." Akanitazama kama nitamkata. "Kuna mama ana ndoo."

Akaendelea hivyo mpaka Nduguti, na mimi sikumwambia nyamaza.