Siku Mazishi Yalipongoja Mtihani

Jumanne moja ya mwezi wa Novemba mwaka jana, katikati ya mtihani wa kidato cha nne, tulimpoteza Mwanakombo, mpishi mwenzangu. Mwezi uliofuata nilistaafu. Vijana wanaoniuliza kazi ya kupikia shule ilikuwaje huwa wananiona nanyamaza, maana sijui kuieleza bila ya kufika kwenye siku hiyo. Nitaanza mwanzo, nifike nikifika.

Mimi niliishia darasa la saba. Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa leso mbili mpya na viatu vya kuazima, nikaenda shule ya msingi kule Majoreni nilikoolewa. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mzee mrefu mwenye kanzu hata siku za kazi. Nikampa shikamoo. Akaitika, akaniuliza, "Unajua kupika?"

"Najua, mwalimu."

"Kupika kwa nyumbani hakuhesabiki. Nyumbani ukiunguza, atanuna mumeo peke yake. Hapa ukiunguza, itanuna shule nzima, na mimi nitakuwa wa mbele."

Yeye ndiye aliyenifundisha kupaka majivu mabichi nje ya sufuria kabla ya kuiteleka, ili masizi yasigande na kusugua kusiwe adhabu. Alinifundisha pia kuroweka maharagwe tangu jioni, kwa sababu maharagwe makavu yanakula kuni, na kuni za shule huletwa na watoto vichwani. Chakula chetu cha kila siku kilikuwa pure, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mwiko wake ni kama kafi ya mtumbwi. Mtu hukoroga kwa kiuno, si kwa mkono. Anayekoroga kwa mkono hamalizi muhula.

Mume wangu alipofariki nilirudi kwetu Mwabungo, nikapata kibarua katika hoteli moja ya Diani, jikoni kwa wafanyakazi, si kwa wageni. Mkuu wa jikoni alikuwa mtu wa maneno machache. Nilipotia chumvi mara mbili alikuja na kijiko, akaonja, akaniambia, "Mama, bahari iko nje, usituletee ndani." Nilimwogopa, lakini kwake nilijifunza usafi: ubao wa nyama ukae mbali na wa mboga, na kidonda cha mkono kisiguse unga. Hoteli ilipofunga kwa kukosa wageni, sote tulirudi nyumbani.

Ndipo nilipoitwa kwenye shule ya jamii, upande wa bara ya Msambweni, nikakaa hapo mpaka mwisho. Shule ya jamii ni ile ambayo wanakijiji wameianzisha wenyewe, na yetu ilichukua watoto tangu chekechea mpaka kidato cha nne. Madarasa ya kwanza yalikandikwa kwa udongo, na jiko letu lilikuwa mafiga chini ya makuti. Mwenyekiti wa halmashauri ya shule alikuwa mfugaji, na kila mwisho wa mwaka alitoa mbuzi. Alikuwa akija kumchinja mwenyewe, kisha anakaa jikoni kutusimamia kama kwamba tungemla mbichi.

Mwisho wa mwaka ndio wakati mpishi anapojulikana. Siku ya tuzo hupikwa pilau, na pilau la watu wengi halina siri ila kupalia: maji yakishakauka, unapunguza moto chini, unaweka makaa juu ya mfuniko, unaondoka. Kuondoka ndiko kugumu. Mpishi mchanga hufunua kila mara kutazama, na mvuke wote unakwenda zake.

Mwanakombo alipoajiriwa alikuwa mfunuaji hasa. Nilimpiga mkono kwa mwiko siku yake ya kwanza ya pilau.

"Ma Siti, mimi natazama tu!"

"Litazamwe na watakaolila."

Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mwanamke wa kucheka na kusema. Mimi si msemaji, na hilo lilimpa kazi. "Wewe ungekuwa chumvi," alikuwa akiniambia, "mchuzi ungerudishwa jikoni." Alikuwa ameachwa na mume, anaishi na mama yake mzazi na bintiye mmoja, Rehema. Huyo binti alianza kuja jikoni kwetu akiwa wa chekechea, akilala juu ya magunia ya mahindi. Tulimwona akipanda darasa baada ya darasa. Alikuwa mzito wa kuongea kama mimi, na mamake alinilaumu kuwa nimemwambukiza. Darasani lakini hakuwa mzito. Alipofika kidato cha nne, walimu wote walikuwa wakimtarajia yeye. Katika shule yetu hakukuwa na msichana aliyewahi kupata alama za kwenda chuo kikuu.

Watahiniwa wa mwaka jana walilala shuleni muda wote wa mtihani, wasichana katika maabara iliyotolewa meza, ili wasichelewe na wasishikwe na kazi za nyumbani. Simu zilikuwa marufuku, na askari alikaa langoni. Kwa hiyo alfajiri ile Mwanakombo alipoanguka uani kwao, akiwa na ndoo ya maji mkononi, akafa kabla ya majirani kupata gari, Rehema alikuwa umbali wa kutembea kidogo tu, na hakujua.

Nilipata habari nikiwa nawasha moto wa uji. Alikuja Bakari, kaka wa marehemu, mkwezi wa minazi. Alikuwa bado na kamba ya kukwelea kiunoni. Akaniambia, nikakaa. Kisha tukaenda wote kwa Mwalimu Mkuu, ambaye wakati huo alikuwa mama mmoja kutoka bara, mwema, mkali wa kazi. Alilia mbele yetu. Halafu akajifuta.

"Mjomba, leo ana pepa mbili. Asubuhi na mchana. Akiambiwa sasa, zote zimekwisha."

"Mwalimu," Bakari akasema, "maiti kwetu haiwekwi. Tunazika baada ya adhuhuri."

"Mtazika naye akiwa darasani?"

"Basi mtoeni."

"Nikimtoa, hakuna kurudi. Hiyo karatasi hairudiwi mpaka mwaka ujao."

Bakari akanigeukia. "Dada Siti, na wewe sema."

Nilisema kitu kimoja, kuwa aulizwe bibi yake, kwa sababu mtoto ni wake na maiti ni yake. Bakari akaenda. Aliporudi, Rehema alikuwa tayari ameingia kwenye karatasi ya asubuhi, na chumba kikishafungwa haingii mtu. Bibi alikuwa amesema hivi: "Mwanangu alikuwa akipika kwa ajili ya mtihani huo. Nendeni mkamwombe imamu, tuzike baada ya alasiri, mtoto aje amwone uso. Lakini asiambiwe mpaka amalize." Imamu aliridhia. Alisema dharura ina hukumu yake, ila jua lisizame.

Kuna jambo moja ambalo vijana wasiokuwa wa huku hawalijui. Kwetu mwanamke akifa, anayestahili kumwosha kwanza ni binti yake, kama yupo na amebaleghe. Ni haki yake, wala haombi. Bibi alilijua, nami nililijua. Hakuna aliyelitamka. Kungoja uso kuonwa kuliwezekana. Kungoja mpaka jioni ndipo aoshwe, avishwe sanda, aswaliwe na kuzikwa, jua lingetushinda.

Nikapika. Sikuwa na mtu wa pili, nikasonga ugali peke yangu. Mchana watahiniwa wakaja na sahani zao kwenye dirisha la jikoni. Rehema alikuwa nyuma ya wenzake. Kila siku mamake ndiye aliyekuwa akipakua na mimi nikimimina mchuzi.

"Shikamoo, Ma Siti."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama yuko wapi?"

Sijazoea kusema uongo, na siku ile nilitamani ningekuwa nimezoea. Nikamwambia, "Leo hakuja."

"Ana nini?"

"Kula, Rehema. Mna karatasi."

Alisimama na sahani. Mwenzake aliyekuwa kando akamtania, "Mtu mzima unamlilia mama? Kesho kutwa utaolewa!" Rehema akatabasamu. Akaniambia, "Ukipita kwetu jioni mwambie ya asubuhi nimeiweza. Yote." Nikatikisa kichwa kuitikia, nikachukua sahani ya mwingine.

Walipoingia kwenye karatasi ya mchana niliacha masufuria bila ya kuyaosha, nikaenda. Kuosha maiti nilifundishwa na mama mkwe wangu Majoreni, kwa hiyo bibi alikuwa akiningoja mimi. Yeye alimimina maji, mimi nikaosha. Mikono ya Mwanakombo ilikuwa na alama za moto zile zile nilizonazo mimi. Nilimwinamia sikioni nikamwambia kuwa mtoto ameiweza ya asubuhi, yote. Bibi akasikia, kata ikamponyoka.

Mwalimu Mkuu alimleta Rehema kwa gari lake karatasi ilipokwisha. Alimwambia njiani. Wanawake walikuwa wameshaanza kulia kwa sauti alipoingia, lakini yeye hakulia. Alifunuliwa uso wa mamake, akautazama sana. Kisha akanitazama mimi, nikiwa bado na leso iliyolowa maji.

"Ulijua," akasema. "Ulinipakulia."

"Nilijua."

Akageuka. Wanaume wakaingia kulichukua jeneza.

Alirudi shuleni kesho yake kwa mtihani uliobaki. Hakuna aliyemlazimisha. Mpaka siku ya mwisho hakuja dirishani. Mwenzake ndiye aliyemchukulia chakula. Nilikuwa nampakulia mwenyewe, lakini sahani zilikuwa zikirudi na chakula nusu.

Siku ya tuzo ilifanyika baada ya mtihani, pamoja na dua ya kufunga mwaka. Nilipika pilau na kina mama wa kujitolea ambao hawakuwa wakijua kupalia. Watoto wa chekechea waliimba. Mwenyekiti wa halmashauri, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, alitoa mbuzi kama kawaida yake. Kijana mmoja aliyeshinda mbio za kaunti alibebwa mabegani akazungushwa uwanja. Pale kwetu msichana anayepata tuzo hufungwa leso mpya na mamake mbele ya watu, na vigelegele hupigwa. Rehema aliitwa kwa Kemia, kisha kwa Biolojia, kisha kwa tuzo ya shule nzima. Shangazi yake alikwenda na leso, na mtoto akamzuia mkono kwa heshima. Aliichukua ikiwa imekunjwa vile vile, akaishika pamoja na vyeti, akashuka. Vigelegele vilianza sehemu moja vikanyamaza. Nilimwona kutoka jikoni, nikarudi kwenye makaa.

Wiki hiyo hiyo niliagwa. Mwalimu Mkuu alisema maneno mazuri, wakanipa kiti cha plastiki na blanketi. Watu huniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka alfajiri yake. Mwili bado unaamka wakati wa kuwasha moto, nami nakaa kitandani nikiwa sina wa kumwashia. Katika miaka yote ile nimejifunza kuwa mpishi wa shule huwajua watoto kwa tumbo tu: nani ameamka na njaa, nani anaficha chakula ampelekee mdogo wake. Yaliyobaki si yake kuamua, lakini yeye ndiye anayesimama dirishani wanapokuja kuuliza. Kama tulifanya vyema siku ile, sijui mpaka leo. Mwalimu Mkuu anasema tulifanya vyema, na bibi hasemi kitu.

Matokeo yalitoka baada ya mwaka mpya. Bakari alipita kwangu akiwa amepanda pikipiki, akapiga kelele kutoka barabarani, "Dada Siti! Amepata! Chuo kikuu!" Nikamshukuru Mungu. Nikangoja siku mbili tatu, pengine mtoto angekuja kuniambia mwenyewe. Hakuja.

Alikuja mwezi uliopita, karibu na safari yake ya chuoni, asubuhi, peke yake. Nilikuwa nachambua mchicha. Akanipa shikamoo, nikaitika, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki, akaanza kuchambua na mimi. Tulimaliza fungu zima. Kisha akauliza, "Saa ya chakula, alikuwa hajaoshwa?"

"Alikuwa hajaoshwa."

"Ningemwosha mimi."

"Ungemwosha wewe, ndiyo."

"Na pepa ya mchana?"

"Ungeikosa."

Alikusanya mabua ya mchicha akayatupia kuku. Nilidhani ataondoka.

"Bibi amezeeka," akasema. "Sijui nitakuwa wapi yeye zamu yake ikifika. Lakini nitakuja, na simwachii mtu. Nifundishe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Ma Siti. Kesho nasafiri."

Nikanawa mikono. Nikaingia ndani nikatandika mkeka, nikalaza mto juu yake na kuufunika leso, kwa sababu maiti haiachwi wazi hata inapooshwa. Nikamwambia apige magoti upande wa kulia, maana kulia ndiko tunakoanzia. Akapiga magoti, akakunja mikono ya buibui lake mpaka kwenye viwiko.