Kitambaa cha Mama wa Mmisionari

Jumapili ile mezani kwangu, hapa Gahanga, tulikuwa watu wanne, na wa tano akaja baadaye. Nilikuwepo mimi, mwenye nyumba. Alikuwepo kijana mmisionari kutoka Tanzania, aliyekaa chumba changu cha nyuma. Kanisa lilimleta kwangu kwa sababu mimi nimekulia huko kwao, ukimbizini, na Kiswahili changu hakikupotea. Alikuwepo mama yake mzazi. Alikuwepo baba yake mdogo, ndugu wa baba yake tumbo moja. Wa tano ni jirani yangu wa ng'ambo ya mtaro, mwenye mume mgonjwa. Majina yao yote ninayo, hata jina la mbuzi wa jirani ninalo, lakini sitayaandika. Wengine wangali hai na wana aibu zao. Shule yangu ni ile ya watu wazima tu, kwa hiyo mnivumilie.

Kijana alitumwa kwa miaka miwili. Kazi yake ilikuwa kutembelea nyumba, kuombea wagonjwa na kufundisha watoto nyimbo. Alipofika, Kinyarwanda hakukijua hata cha kuombea maji. Jirani ndiye aliyempa jina la Pasta Kidogo. Akimwona tu mlangoni anaanza: "Pasta Kidogo, leo umekuja kuniombea au kuniomba chakula?" Naye anacheka, anakaa, anakula. Alikuwa mwembamba, mwenye heshima, anafua soksi zake kila jioni na kuzianika kwenye ua wangu kama bendera.

Nyumbani kwao baba yake alikuwa mgonjwa, tumbo limemvimba. Kanisa letu lilikuwa likimwombea kila ibada. Kijana akipiga simu, mama yake anasema baba amelala, au baba ametoka kuota jua. Halafu siku moja akamwambia, "Anaendelea vizuri, mwanangu. Siku hizi anakula." Kijana alitoka chumbani mbio, akanishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka. Jumapili iliyofuata akasimama mbele akashuhudia kwamba baba yake amepona. Watu walicheza mpaka viti vikasukumwa ukutani.

Jirani alikuwepo. Mume wake naye alikuwa amevimba tumbo vilevile. Kuanzia ushuhuda ule, hospitali hakumpeleka tena.

Nikamwambia, "Dawa na maombi havigombani."

Akanijibu, "Mukecuru, Mungu ya Tanzania si ndiyo hii ya Gahanga? Wewe imani yako iko ndogo." Mukecuru ni bibi kizee. Ndivyo wanavyoniita.

Wageni walifika Jumamosi. Kijana aliwapokea Nyabugogo kwenye mabasi, akaja nao amebeba mizigo yote peke yake, hataki baba mdogo aguse hata mfuko. Mama mtu alipiga magoti kunisalimia. Kabla hawajaketi, kijana akauliza, "Baba mmemwacha na nani?"

"Mdogo wako yuko nyumbani," baba mdogo akajibu, upesi, kama mtu aliyekuwa na jibu mkononi.

Jioni kijana akaenda mazoezi ya kwaya. Nikampelekea mama maji ya moto ya kuoga. Nilidhani bado hajavua, nikasukuma mlango. Kitambaa cha kichwani alikuwa amekitoa. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, nywele ndiyo kwanza zinachomoza. Kule nilikokulia mimi, mwanamke wa umri ule hanyoi hivyo bila kufiwa na mume. Nikaweka ndoo chini.

"Lini?" nikamuuliza.

"Mahindi yalikuwa yanachanua, mama."

"Na mtoto?"

Akatikisa kichwa.

Baba mdogo ndiye aliyenieleza, amekaa sebuleni na kofia yake magotini. Alisema mtu haambiwi msiba kwa simu, peke yake, ugenini. Akianguka atashikwa na nani? Tena marehemu mwenyewe aliagiza mtoto asiitwe mpaka amalize kazi ya Mungu. Lakini kazi imebaki miezi mingi, na mama mtu ameshindwa kudanganya kwenye simu, ndiyo maana wamekuja.

"Basi mwambieni leo akirudi," nikasema.

"Hapana, mama. Kwetu mtu hapewi habari ile na jua limezama, wala akiwa na njaa. Kesho, akishashiba."

"Kesho asubuhi kuna kanisa."

"Tutakwenda. Tutakaa nyuma."

Nikamwambia, "Hulijui kanisa letu. Mgeni hakai nyuma."

Ikawa hivyo hivyo. Tuliwekwa benchi la mbele, mimi pamoja nao. Baada ya kwaya, mzee wa kanisa akachukua kipaza sauti akamwita mama wa mmisionari aje asalimie. Watu wetu wengi wanasikia Kiswahili kidogo tu, cha sokoni, kwa hiyo mgeni akizungumza, mzee yule hutafsiri. Mama akasimama. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika fundo la kitambaa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nawasalimu wote. Asanteni kwa kumlea mtoto wangu. Asanteni kwa maombi yenu." Hakusema zaidi ya hapo. Nilikuwa karibu naye kama ninavyokaribia karatasi hii.

Mzee akageukia watu. Yule mzee si mwongo, namfahamu tangu tuliporudi nchini. Ila ana tabia yake: neno la mgeni akiliona limekonda, hulinenepesha. Akasema kwa Kinyarwanda kwamba mama anamshukuru Mungu, kwamba mume wake alikuwa wa kufa na sasa anakula, anatembea, analima. Akapaza sauti: "Yarakize!" Amepona! Vigelegele vikapasuka. Jirani yangu alikuwa wa kwanza kuruka. Kijana, aliyekuwa nyuma na wanakwaya, na ambaye neno hilo alishalijua vizuri, alinyanyua mikono huku anamtazama mama yake kwa furaha ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafumba macho. Na mama mtu, asiyejua wanashangilia nini, akatabasamu akawapungia mkono.

Mimi nilizijua lugha zote mbili. Nilikaa pale nimeshika Biblia yangu kwa nguvu. Baba mdogo akaniinamia, "Mbona wanacheza?" Nikamwambia, "Twende nyumbani, baba. Twende tukale."

Nilikuwa nimepika ndizi na maharage, na isombe ya jana, kisamvu cha kwetu. Kijana alikula kwa wote. Sisi watatu tulikuwa tunasukuma chakula kwenye sahani. Akasema, "Mama, leo umesema vizuri. Hata Bibi hapa atakuambia, sijaona watu wakicheza vile."

"Nilisema nini, mwanangu?"

"Kwamba baba analima."

Mama akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa, nikasema, "Mzee ametafsiri hivyo. Wewe hukusema."

Baba mdogo akasafisha koo, akaanza yale maneno aliyoyapanga: sisi wanadamu ni wapita njia, Mungu ndiye mpangaji. Hakufika mbali. Mama aliweka mikono nyuma ya shingo, akafungua fundo, akakishusha kitambaa mapajani.

Kijana alitazama kile kichwa. Alikuwa na tonge mdomoni, sikumwona akilimeza. Hakulia. Akauliza, "Udongo wa kwanza nani alitupa?" Maana yeye ndiye mtoto wa kwanza, na ule ni udongo wake.

"Mdogo wako," baba mdogo akasema. "Alitupa mara mbili. Wake na wako."

"Mlinisikia kwenye simu nikiwaambia nimeshuhudia kanisani?"

"Tulikusikia."

"Mkanyamaza."

Mama akasema, "Ulikuwa na furaha, mwanangu. Nilikuwa nimemaliza kulia siku hiyo, nikakusikia una furaha."

Hapo ndipo jirani alipoingia, bila kubisha hodi, ana kibuyu cha maziwa cha shukrani. "Ule mama ya Pasta Kidogo iko wapi? Nimemletea..." Akaona kile kichwa. Hata kwetu hicho kinasomeka. Akaniuliza kwa Kinyarwanda kuna nini, nikamweleza. Akageuka taratibu kwa kijana, maziwa mkononi.

"Na yangu?" akasema. "Pasta, na mume yangu?"

Kijana aliinuka. "Mpeleke hospitali, mama. Leo hii. Nitambeba mimi." Akatoka naye. Pikipiki mgonjwa asingeiweza, kwa hiyo alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akisindikizwa na mke anayemtukana na kumshukuru kwa pumzi moja, wakapata gari. Kule waliambiwa wamemchelewesha. Mume aliishi mpaka mvua zilipoanza, basi.

Kijana alitaka asimame tena kanisani aseme ukweli. Mzee akamkatalia. Imani za watu zitavunjika, alisema, acha Mungu alifunike. Kijana akarudi kwangu akasimama mlango wa jikoni. "Bibi, naomba unifuate. Kinyarwanda changu hakitoshi."

Jumatatu yote tulitembea. Kila nyumba aliyowahi kuombea. Anabisha, anavua viatu, anasema: "Baba yangu alikufa. Niliwaambia amepona, sikujua. Mwenye mgonjwa ampeleke kwa daktari." Nami natafsiri, neno lake kwa neno langu, siongezi. Kuna waliolia naye. Kuna waliofunga mlango. Mzee mmoja fundi baiskeli akasema, "Na yule kuku wa shukrani tuliyemla, tumteme?" Nikatafsiri hilo pia. Kijana akajibu, "Mwambie anisamehe." Yule mzee akashika nyundo yake akaendelea kugonga, hakutuangalia tena.

Mama alikuwa akitungoja kwenye kizingiti jioni, kichwa wazi. Kijana alimpita akaenda kufua soksi zake.

Waliondoka Jumanne, wote watatu. Miaka yake miwili hakuimaliza. Alibeba mizigo yote kama alivyoibeba siku ile, ila alitangulia mbele, mama yake akimfuata kwa mbali na kitambaa chake mkononi. Baba mdogo alipunga mkono mpaka kwenye kona. Kijana hakugeuka. Sijui kama wamezungumza tangu hapo, na hilo ndilo linaloniamsha.

Mkisoma haya, ninyi mliokuwepo, na mkaona nimekosea, kama nyumba ya fundi baiskeli ilikuwa kabla au baada ya nyingine, au kama chakula kilikuwa mihogo na si ndizi, njooni mnisahihishe, mlango mnaujua. Na wewe kijana, kama mama yako alisema kanisani neno jingine ambalo sikulisikia, niambie. Niko tayari kuambiwa nimekosea.