Chupa Nilizomwoshea Daktari

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo hapa Kinoo, beseni ninaloliacha nyuma ya nyumba huanza kutoa harufu ya maji yaliyolala: majani yaliyoanza kuoza, udongo, na kitu kama chuma. Wengine huikunjia pua. Mimi hunirudisha darasa la saba, katika shule yetu ya mabati karibu na Dagoretti Corner, nikiwa na sabuni mkononi na kiburi kingi kifuani.

Nilikuwa kiranja wa usafi. Wenzangu wanaonikumbuka watakwambia nilizaliwa na ufagio, na sitabisha. Mama yangu, aliyetoka Vihiga akaja kufulia watu nguo Nairobi, alipenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone, kisha akaongeza la kwake: lakini asikute chombo kichafu. Mgeni akitarajiwa kwetu, hata mawe ya mlangoni yalipigwa deki.

Basi muhula wa pili akaja Daktari Wambui. Hakuwa daktari wa sindano, jambo lililotufanya tupumue. Alikuwa mtafiti wa mbu. Alituletea chupa sita za jemu zenye maji ya dimbwi, zimefunikwa vipande vya neti, na ndani yake viluwiluwi wa mbu wakijipinda na kujinyoosha. Akatuomba tuziweke dirishani, tuwatazame kila siku na kuandika wanavyobadilika, naye angerudi Ijumaa iliyofuata kuona tulichopata. Darasa lilimpenda siku ile ile. Hakumwambia mtu hata mmoja kwamba swali lake ni la kijinga, na maswali ya kijinga yalikuwa mengi, nawahakikishia.

Sasa nieleweni. Kila muhula afisa wa afya alitupanga mistari akatuamuru kumwaga maji yaliyosimama, maana ndimo mbu huzaliwa. Halafu anakuja daktari mzima, anatuachia maji hayo hayo darasani na kutusihi tuyatunze? Nililiwaza jambo hilo siku tatu, na siku ya nne nikapata jibu. Ulikuwa mtihani. Alitaka kuona kama shule nzima ina mtu mmoja mwenye akili atakayeyamwaga.

Alhamisi, wenzangu walipotoka kwenda uwanjani, nilizimwaga zote sita. Nilizisugua kwa sabuni na mchanga mpaka zikameta, nikazipanga dirishani zikiwa zimepinduliwa, kama glasi za harusi. Usiku nililala vizuri sana.

Ijumaa Daktari aliingia akiwa na mwenzake wa ofisini aliyebeba kamera. Alitazama dirisha. Mwalimu wetu wa sayansi naye akatazama dirisha, kisha akaanza kunitafuta kwa macho. Hapo ndipo nilipojua kwamba haukuwa mtihani. Wenzangu walikuwa wameshika madaftari yao yenye kurasa za siku nne, na nyuso zao ziliniambia waziwazi: mtu wa kwanza kutujali amekuja, na wewe umemfukuza. Niliona aibu ambayo sijaiona tena, hata siku ya harusi yangu keki ilipoanguka.

"Nani ameosha?" Daktari akauliza.

"Ni Kageha," wakasema wote. Katika jambo hilo darasa lilikuwa na umoja.

Nikasimama. Alinijia mpaka kwenye dawati langu, akainama.

"Kabla umwage, uliona nini?"

Sikuwa nimetarajia swali hilo. Nilimwambia kweli, kwa sauti ya mtu anayengoja adhabu. "Kulikuwa na mmoja amejikunja kama koma. Nikitoa neti, mgongo yake ikapasuka. Kitu ingine ikatoka ndani, ikasimama juu ya maji. Haikuzama."

"Halafu?"

"Ilikuwa inakauka mabawa. Nikaogopa kuimwaga. Nikangoja mpaka ikaruka. Halafu ndio nikamwaga."

Darasa likaangua kicheko. Daktari hakucheka. Alitoa daftari lake, akaandika nilivyosema, neno kwa neno, akiniuliza mbu alisimama muda gani na akaruka akielekea wapi. Juu ya ukurasa akaandika jina langu. Nilisahau hata kulia.

Alirudi muhula uliofuata, na mwingine, mpaka tukafanya mtihani wa darasa la nane. Wenzangu walinisamehe. Mimi niliendelea kuamini kwamba anarudi kumalizia kazi niliyomharibia, na kila nilipomwona akishuka na chupa zake moyo ulinichoma.

Sikuwa mwanasayansi. Nashona mapazia. Mwaka jana nilikutana naye Adams Arcade kwenye foleni ya duka la dawa, mvi kichwa kizima. Nilipojitambulisha alinishika mkono, nami nikaona ni wakati wa kuomba radhi. Nikamwambia pole kwa zile chupa, zilizomrudisha kwetu mara nyingi hivyo.

"Kunirudisha?" akasema. "Kageha, ile Ijumaa ilikuwa ya mwisho. Ofisi ilitaka tu picha za watoto na chupa, nami nilitumwa. Nilikuwa nimeandika ripoti miaka mingi, na hakuna mtu aliwahi kuniuliza nimeona nini. Hata barua ya kuacha kazi nilikuwa nimeshaandika."

"Sasa ulirudi kwa nini?"

"Kwa sababu ulingoja akauke mabawa."

Nilidhani miaka yote kwamba yeye ndiye mgeni na sisi ndio wenyeji tuliopona. Jana nililikuta beseni limejaa tena, viluwiluwi wakicheza ndani. Nitalimwaga, maana watoto wangu si chakula cha mbu. Lakini kwanza niliwaita, tukachuchumaa wote watatu, nikawauliza wanaona nini.