Simu ya Jua Juu ya Kanyosha

Adui alikuwa na masikio kutushinda. Kila tulichosema redioni kwenye kilima chetu, pale juu ya Kanyosha, waasi walikuwa wamekisikia kabla kamanda hajameza mate. Tukiomba maharage, gari la maharage linapigwa risasi njiani. Ndipo ajida wetu, msaidizi wa kamanda na fundi mitambo mwenye miwani iliyofungwa uzi, alipotutengenezea simu ya jua.

Alichukua kopo la maziwa ya unga, akalitoboa pande zote mbili, na upande mmoja akauwamba kwa plastiki ya kung'aa iliyotoka kiwanda kimoja cha biskuti huko Zone Industrielle, mtaa wa viwanda. Ukipiga kelele ndani ya kopo, plastiki inatetemeka, na mwali wa jua uliolengwa juu yake unaondoka ukitetemeka vivyo hivyo. Upande wa pili, taa kuukuu ya lori iliukusanya mwali ule kwenye kipande cha sola kilichounganishwa na redio ya kaseti, na mtu akasikia sauti. Aliyekuwa nje ya mstari wa mwali hakusikia kitu. Kopo moja lilikuwa kwetu, jingine juu ya paa la ghala la jeshi huko chini mjini, kama kilomita moja hivi.

Tatizo lilikuwa jua lenyewe. Asubuhi linatoka milimani nyuma yetu, kwa hiyo watu wa chini ndio wanaolipata usoni na kuturushia. Wao wanasema, sisi tunasikiliza. Alasiri likihamia upande wa ziwa, tunasema sisi. Swali la saa tatu lilijibiwa saa tisa. Mwenye kushika kopo nilikuwa mimi, na kwa mtu mwenye mdomo mwepesi kama mimi, hiyo ilikuwa adhabu.

Mke wangu aliujua mdomo huo vizuri. Tulikuwa tukikaa Ngagara na mtoto wetu wa miezi saba. Siku niliyopangiwa kwenda kilimani, mabomu yalikuwa yameanguka mtaa wa pili, nami nikamwambia aende kwao Uvira, ng'ambo ya mpaka, ambako miezi ile kulikuwa kumetulia. Akakataa. Nikafoka: "Basi nenda kwenu! Mi nimekuchoka!" Nikaondoka bila hata kumgusa mtoto. Wiki tatu nzima nilijiambia kwamba sikukosea, kwa sababu kweli nilitaka wapone. Ila mdomoni mwangu hayo siyo yaliyotoka.

Asubuhi moja, badala ya sauti ya mwenzangu wa ghalani, nilisikia ya mke wangu. Mwenzangu huyo alikuwa jirani yetu wa Ngagara, na alimpandisha paani bila kumwomba mtu ruhusa.

"Papa ya mutoto, ni mi. Camion ya Uvira inaondoka kesho asubuyi. Nataka kujua kitu kimoja tu. Unanituma kwetu juu ya vita, ao kweli umenichoka? Kama umenichoka, sema. Nitaenda, na sitarudi tena."

Nikafungua mdomo kumjibu, kisha nikakumbuka kwamba hakuna wa kunisikia. Akaendelea. Alisema wanalala chini ya kitanda. Alisema mtoto ameota jino, na hana mtu wa kumwonyesha. Mwishoni akasema atangoja jibu langu pale ghalani hadi jua lizame. Nyumbani ningekuwa nimeshamkatiza mara tano. Siku hiyo niliibana spika sikioni, na kila jibu kali nililokuwa nalo liliniishia kabla hajamaliza.

Alasiri, wingu likalala juu ya ziwa. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Nilikuwa nikizunguka kwenye handaki kama mtu aliyepoteza funguo, hadi ajida akaniambia nikae, namchosha macho. Jua lilipotoka nyuma ya wingu, ilikuwa imebaki saa moja tu ya mwanga wa maana. Akanipa kopo.

Kopo lile halikujua mnong'ono. Usipopiga kelele, plastiki haitikisiki. Na pale handakini tulikuwa wanaume kumi na mmoja.

"Mama ya mutoto!" nikapaza sauti. "Sikukuchoka! Naogopa! Naogopa mufe, mi niko huku juu!" Aliyekuwa akimenya viazi aliacha kumenya. "Nenda Uvira, lakini nenda ukiwa bibi yangu! Nakuomba!"

Wingu likafunga tena. Sikujua kama neno hata moja lilifika chini. Hakuna aliyenicheka, na hilo lilinitisha zaidi.

Kulipokucha, mwali ulikuja mapema. Mwenzangu alisoma kwanza mambo ya kazi, magunia mangapi yanapanda na kwa njia gani, nami nikayaandika. Kisha nikasikia honi ya lori, halafu pumzi ya mtu aliyepanda ngazi mbio.

"Papa, nimesikia yote. Camion inanigojea. Mi nilifikiri mu ile nyumba ni mi peke yangu naogopaka. Sasa naenda, sababu umeniomba. Utakuya kututwaa?"

Jua lilikuwa upande wao, na kopo letu lilikuwa limefunikwa gunia. Nikasema ndiyo. Nikasema tena ndiyo, kwa sauti kubwa, hadi ajida akaja akaniwekea mkono begani.